Santuri ya Jimmie Rodgers na Wasichana wa Kapkatet

Atokaye Awendo asubuhi, akayaacha nyuma mashamba ya miwa na malori yake, akaifuata barabara ya Rongo na Kisii mpaka apite Sotik, hufika Kapkatet jua lingali juu. Na huko, mwaka 1950, ulinaswa wimbo ambao mimi, nikiulizwa ni santuri ipi niipendayo kuliko zote katika ukoo wa muziki wa kantri, huutaja kwanza, ijapokuwa gitaa halisikiki ndani yake.

Asili yake ni ya mbali. Jimmie Rodgers, aliyezaliwa mwaka 1897, alikuwa mshika breki wa garimoshi huko Mississippi hata kifua kikuu kilipomdhoofisha. Na tarehe 4 Agosti 1927, mjini Bristol, Tennessee, alirekodi kwa mara ya kwanza mbele ya Ralph Peer wa kampuni ya Victor, siku chache tu baada ya waimbaji wa jamaa ya Carter kurekodi mahali pale pale. Sifa ilimjia kwa “Blue Yodel” ya Novemba mwaka ule, kwa ile sauti itokayo kifuani, ikaruka ghafla juu kooni, kisha ikashuka, mithili ya mchungaji amwitaye mwenziwe ng’ambo ya bonde. Naipenda zaidi ile ya tisa katika mfululizo wa nyimbo za jina hilo, ya mwaka 1930, ambamo Louis Armstrong anamjibu kwa tarumbeta na Lil, mke wa Armstrong, yuko kwenye piano, mweupe na weusi wakisikilizana kwa adabu katika zama ambazo kwao kulikuwa na sheria za kuwatenga. Mei 1933, akijilaza kitandani baina ya wimbo na wimbo, alirekodi nyimbo zake za mwisho New York, na siku mbili baadaye akafariki, umri wake miaka 35.

Lakini sauti yake ilikwisha kusafiri. Santuri na gramafoni zilifika nchi ya Wakipsigis, iliko Kapkatet, na Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika akirekodi ngoma na nyimbo za wenyeji, alipofika Kapkatet aliwakuta wasichana, Chemutoi Ketienya akiwaongoza, wakimwimba “Chemirocha”, ambalo ndilo jina la Jimmie Rodgers lilivyotamkwa vinywani mwao, kwa kinubi kilicho nduguye nyatiti yetu ya nyuzi 8. Uso wa mtu huyo hawakupata kuuona. Walikuwa na sauti tu, wakaiumbia kiwiliwili wenyewe, nusu mtu na nusu paa, wakamwalika acheze mpaka nguo zimvuke. Wimbo wote ni dakika moja na nusu hivi, na kila niusikilizapo naona hawakumwiga hata kidogo: walimpokea kama mgeni apokewavyo, wakampa mahali pa kukaa.

Miaka mingi baadaye Tabu Osusa wa shirika la Ketebul Music, pamoja na maktaba ya muziki ya Tracey ya Afrika Kusini, walizirudisha rekodi zile Kapkatet, na wazee waliokuwa wangali hai wakazisikia sauti za ujana wao.