Mizani ya Ijumaa haimpimi bondia wa Jumamosi

Dada yangu ameolewa Nyeri, mtaa wa Majengo, na Agosti iliyopita nilipanda kumjulia hali. Baridi ya huko mwezi huo sisi wa pwani hatuizoei hata tukijifunika mablanketi matatu. Nilipoingia jikoni nilimkuta mpwa wangu, kijana wa miaka 22, amevaa sweta mbili na juu yake koti la mvua la plastiki. Jiko la makaa lilikuwa mbele ya magoti yake na dirisha limefungwa. Mkononi ana kikombe. Nikadhani anakunywa chai, kumbe anatema mate.

"Mjomba, zimebaki kilo mbili na nusu," akaniambia. Midomo ilikuwa imepasuka kama ya mvuvi aliyepotea baharini siku tatu.

Kwanza nilifungua dirisha, maana makaa ndani ya chumba kilichofungwa yanaweza kuua kabla hata ngumi haijarushwa. Kisha nikakaa nimuulize. Mpwa wangu ni bondia wa kulipwa wa ngazi ya chini, mapambano ya raundi sita, malipo yasiyofika kodi ya nyumba ya miezi miwili. Kesho yake, Ijumaa, alikuwa anapimwa uzani wa feather. Jumamosi usiku apigane, katika mji mmoja wa huko huko mlimani.

Ndugu msomaji, wengi wetu tunaopenda ngumi tunaziona picha za mabondia wakipanda mizani na kukazana macho, tukadhani ni mbwembwe za kuuza tiketi. Leo nataka nieleze kinachotokea kabla na baada ya picha ile.

Uzani uliwekwa kwa ajili ya haki na usalama, mtu asipigane na aliyemzidi mwili. Zamani ulikuwa minane tu. Leo ngumi za kulipwa zina uzani 17, kuanzia ratili 105, yaani kilo 47.6, hadi uzani wa juu usio na kikomo. Mashirika makubwa manne, WBA, WBC, IBF na WBO, kila moja lina bingwa wake katika kila uzani. Hesabu mwenyewe ni mikanda mingapi. WBC nayo ikaongeza uzani wa kumi na nane mwaka 2020.

Huku chini, nafasi kati ya uzani na uzani ni ndogo mno. Kutoka fly (ratili 112) hadi superfly (ratili 115) ni ratili tatu, kama kilo 1.36. Chupa ya maji ya lita moja na nusu ina uzito zaidi ya hapo. Bondia akiinywa yote, amekwisha ruka uzani mzima.

Hapo ndipo hila inapoanzia. Bondia hukausha mwili ili asome kilo chache kwenye mizani, kisha hunywa na kula hadi saa ya pambano, akitarajia kumkuta mpinzani mdogo kuliko yeye. Tatizo ni kwamba mpinzani naye amefanya vivyo hivyo. Mwisho wa yote hakuna aliyepata faida, ila wote wawili wamepanda ulingoni wakiwa wagonjwa.

Mpwa wangu alinionyesha daftari lake. Mwezi mmoja kabla ya pambano alikuwa kilo 65. Wiki moja kabla, 62. Ijumaa mchana mizani ilisoma 57.1, na kikomo cha feather ni 57.15. Jumamosi jioni alijipima tena kwenye duka la dawa, akawa 61.8. Yaani kati ya Ijumaa na Jumamosi alipita superfeather, akapita light, akaingia superlight. Tangazo ukutani bado lilisema feather.

Maji hayo yalitoka wapi? Yalitoka kwenye damu, kwenye misuli na kwenye kila kiungo. Damu ikipungua maji, moyo hukimbia na figo huchoka. Ubongo nao hukaa ndani ya maji yanayoukinga usigonge fuvu, na madaktari wa michezo wanaonya kwamba mwili uliokauka haurudi sawasawa kwa usiku mmoja, hata kama mizani inaonyesha kilo zimerudi. Kilo zimo tumboni, kinga bado.

Nimesikia watu wakifananisha jambo hili na saumu. Hapana, tusichanganye. Anayefunga Ramadhani hula daku na magharibi ikifika hunywa maji. Mgonjwa na msafiri wameruhusiwa kufungua na kulipa baadaye. Ikiwa hata ibada imemwekea mja mlango wa nafuu, vipi biashara ya ngumi imfungie kijana kila mlango mpaka ateme mate ndani ya kikombe?

Kuna atakayeuliza: kwa nini wasipimwe siku ile ile ya pambano, mambo yaishe? Swali zuri, na jibu lake si rahisi. Zamani walipimwa asubuhi ya pambano. Wapo waliojikausha vile vile, wakapanda ulingoni usiku bado wakavu. Ndiyo sababu kupima kukahamishwa siku ya kabla, kwa nia njema, bondia apate saa 24 za kunywa na kupumzika. Lakini kadiri muda wa kurudisha maji ulivyoongezeka, ndivyo watu walivyothubutu kujikausha zaidi. Ngumi za ridhaa hubana hila hii kwa njia nyingine: bondia hupimwa asubuhi ya kila siku anayopigana, na mashindano yanaweza kuchukua siku kadhaa. Kijana akitoka ridhaa kuingia kulipwa, anakutana na mlango mpana ambao hakuuzoea.

Mfano unaotajwa sana ni wa New York, Februari 2000. Arturo Gatti na Joey Gamache walipimwa kwa kikomo cha ratili 141. Usiku wa pili Gatti alipanda ulingoni akiwa na kama ratili 160. Gamache aliangushwa raundi ya pili, akaumia ubongo, hakupigana tena. Na Desemba 2015 Yang Jian Bing, mpiganaji wa Kichina mwenye miaka 21, alifariki Manila katika kujikausha, kabla hajafika ulingoni. Shirika lake, ONE Championship, likaanza kupima mkojo wa wapiganaji ili kujua nani amekauka.

Kwa hiyo dawa zipo, na zinatumika kwingine. WBC hukagua uzito wa wanaogombea mikanda yake siku 30 kabla, wasizidi kikomo kwa zaidi ya asilimia 10, na siku 7 kabla, wasizidi asilimia 5. IBF iliwahi kuweka kipimo cha pili asubuhi ya pambano la ubingwa, bondia asizidi kikomo kwa zaidi ya ratili 10. California hutazama aliyeongeza kupita kiasi baada ya kupimwa, ikamshauri apande uzani.

Chukua sheria ya WBC uiweke juu ya daftari la mpwa wangu. Asilimia 10 juu ya feather ni kama kilo 62.9. Yeye alikuwa 65. Asilimia 5 ni kilo 60. Yeye alikuwa 62. Angezuiwa mara mbili kabla hajaliwasha lile jiko. Na kipimo cha IBF cha asubuhi? Kikomo chake kingekuwa kilo 61.7. Angekaribia kabisa kukigusa.

Haya si mambo ya Las Vegas peke yake. Mizani si ghali, na vijiti vya kupima mkojo vinapatikana. Naiomba Kamisheni ya Ngumi za Kulipwa Kenya iweke sheria tatu hata kwa mapambano madogo ya Nyeri, Nanyuki, Karatina na Mombasa: ukaguzi wa siku 30 na siku 7 mbele ya daktari au ofisa wa michezo wa kaunti, kipimo cha pili asubuhi ya pambano chenye kikomo, na bondia aliyeshindwa ukaguzi ahamishiwe uzani wa juu bila kunyang'anywa malipo yake yote. Hilo la mwisho ni muhimu. Kijana akijua kusema kweli kutamlaza njaa, atadanganya.

Najua kuna wanaosema uzani umezidi, upunguzwe. Tuwe waangalifu. Olimpiki ilifuta uzani wa light fly kwa wanaume baada ya Rio 2016. Huo ndio uzani uliompa Stephen Muchoki ubingwa wa dunia wa ridhaa mwaka 1978, na ndio Suleiman Bilali aliopigania Kenya Beijing 2008. Ukimfutia mtu mdogo uzani wake, unampeleka kupigana na waliomzidi. Idadi ya uzani tunaweza kuijadili. Kwanza mizani impime yule mtu atakayepigana.

Ngumi zimewahi kujirekebisha. Kim Duk-koo wa Korea Kusini alipofariki mwaka 1982 baada ya raundi 14, WBC ilipunguza raundi za ubingwa kutoka 15 hadi 12. Sisi Wakenya tulimzika Robert Wangila, aliyetuletea dhahabu ya Seoul 1988 na kufariki kwa majeraha ya ulingoni Las Vegas mwaka 1994. Tusingoje jeneza jingine ndipo tukae mezani.

Mpwa wangu alishindwa kwa pointi. "Raundi ya nne miguu haikuwa yangu, mjomba," alisema. Siku mbili alilala chumba cha giza, kichwa kikimgonga, na hakuna aliyempeleka kupigwa picha. Alhamdulillahi, aliamka.

Wiki iliyopita alinipigia. Promota anamtaka tena, uzani ule ule wa feather, siku 30 zijazo. Nikamwambia mwili wake ni wa light. Akanijibu kwamba huko hana anayemwita. Nimemtumia mizani kwa basi, na kila asubuhi kabla ya kwenda kukimbia njia ya King'ong'o hunitumia namba. Ya leo ni 64.3. Mkataba hajautia saini bado.