Homoni ya Ukuaji na Misuli ya Uzeeni

Hapa Kiseke, katika Wilaya ya Ilemela, mfugaji hahitaji shahada ili atambue kwamba maksai wake amezeeka. Mapaja hukonda, mifupa ya mgongo huchomoza, na jembe alilozoea kulivuta asubuhi nzima humshinda mapema. Je, misuli hiyo yaweza kurudishwa kwa sindano?

Chini ya ubongo wa ng'ombe, kama ilivyo kwa binadamu, imo tezi ndogo iitwayo pituitari. Tezi hiyo hutoa homoni ya ukuaji, ambayo hulichochea ini kutoa kemikali nyingine inayoisaidia misuli kujenga protini. Kadiri umri unavyosonga, homoni hiyo hupungua. Mwaka 1921, Evans na Long wa Chuo Kikuu cha California waliwadunga panya dondoo la tezi ya ng'ombe, nao wakakua kupita kiasi.

Mwaka 1990, Dakta Daniel Rudman na wenzake, huko Marekani, waliwapa homoni hiyo wanaume 12 waliozidi umri wa miaka 60, kwa miezi sita. Uzito wa mwili usio wa mafuta uliongezeka kwa asilimia 8.8. Upesi wakatokea wafanyabiashara wa kuuza ujana. Lakini ukubwa wa mwili si nguvu, kwani sehemu ya uzito huo ni maji. Utafiti wa mwaka 1996 uliohusu wazee 52 ulionyesha kwamba nguvu zao hazikuongezeka, ila miguu ilivimba na viungo viliuma.

Mwaka huo huo ilitangazwa kwamba panya wadogo waliozaliwa bila homoni hiyo, pamoja na nyingine mbili, waliishi muda mrefu kuliko wenzao. Kinyume chake, panya waliofanywa kuwa nayo kwa wingi huzeeka na kufa mapema.

Basi dawa ni ipi? Mwaka 1990 pia, mjini Boston, wazee tisa wenye umri wa kukaribia au kupita miaka 90 walikamilisha wiki nane za kuinua vizito kwa miguu. Nguvu za miguu yao ziliongezeka zaidi ya maradufu. Hivyo msuli uliozeeka haujafa. Unangoja kazi ya kadiri na chakula chenye protini, kama maharage, maziwa na dagaa wa ziwa letu. Mzee anayebebewa kila kitu kwa heshima huenda ananyimwa dawa yake.