Ndugu wawili na barua ya baba

Ndugu msomaji, je, umewahi kufikiri kwamba barua moja ya baba yaweza kuwafungulia watoto njia ya maisha? Ndivyo ilivyotokea katika nyumba ya akina Farina wa Brooklyn, mjini New York.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, baba wa nyumba hiyo aliingizwa jeshini, akapelekwa Oklahoma. Huko alisikia redioni gitaa lenye asili ya Hawaii, ambalo hulazwa mapajani. Mpigaji habani nyuzi kwa vidole, bali huteleza juu yake kipande cha chuma, na sauti hupanda na kushuka bila kukatika, mithili ya mtu aimbaye kwa huzuni. Akamwandikia mkewe kwamba angependa watoto wao wajifunze ala hiyo.

Vita vilipokwisha, nia hiyo haikusahauliwa. Santo, aliyezaliwa mwaka 1937, alifundishwa gitaa la chuma. Mdogo wake Johnny, aliyezaliwa mwaka 1941, alishika gitaa la kawaida ili kumsindikiza kaka yake. Wakawa wakipiga pamoja katika madansi na sherehe za mtaani.

Usiku mmoja, wakiwa wametoka kupiga muziki, usingizi uliwapaa. Badala ya kugaagaa vitandani walichukua magitaa yao, na hapo ukazaliwa muziki walioupa jina la "Sleep Walk", yaani kutembea usingizini. Ulitolewa katika santuri mwaka 1959, na mwezi Septemba ukashika nafasi ya kwanza Marekani kwa majuma mawili, wala hapana neno hata moja lililoimbwa ndani yake.

Lakini kibao kimoja si albamu. Katika albamu yao ya kwanza, iliyoitwa kwa majina yao, Santo & Johnny, vijana hao walipaswa kumshika msikilizaji kwa vibao kumi na viwili bila mwimbaji. Tena baadhi yake, kama "Summertime" na "Blue Moon", watu walikwisha kuvizoea vikiwa na maneno. Wangewezaje?

Walijua kugawana kazi. Gitaa la Santo lilishika nafasi ya mwimbaji. La Johnny lilishika mwendo. Kama mdogo naye angetaka kung'ara kila mara, sauti ile laini ya kaka yake ingemezwa. Kukubali kwake kukaa nyuma ndiko kulikoupa muziki wao utulivu.

Ndugu hao waliachana kikazi katika miaka ya 1970, kila mmoja akashika njia yake. Hata hivyo, albamu ile imebaki.

Mzazi msomaji, wengi wetu humsifu mtoto anayeonekana mbele, tukamsahau anayembeba nyuma. Leo jioni, watazame wanao. Yupo Johnny nyumbani mwako? Umempongeza lini?