Elimu na Sayansi

Wanafunzi wangu wengi hapa Mombasa hudhani kwamba atakaye sayansi sharti aiage imani. Siafiki. Pascal, Mfaransa aliyebuni mashine ya kuhesabu mwaka 1642, ndiye yule yule aliyeandika ushuhuda wa kumjua Mungu usiku wa Novemba 23, 1654, akaushona ndani ya vazi lake.

Kisiwani humu, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, katika gazeti lake Al-Islah la mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu watafute maarifa ya kisasa pasipo kuitupa dini.

Mwanaisimu nina neno langu: “elimu” ilibeba yote mawili kabla “sayansi” haijatufikia. Manahodha wa Bandari ya Kale walizitazama nyota zile zile kuongoza chombo na kuitafuta kibla.