Je, Walio Chini Yako Wanathubutu Kukuambia Ukweli?

Jioni moja nilirudi kutoka kazini nikamkuta mwanangu wa miaka minne amelala, mkono umepakwa dawa ya meno. Aliungua kwa uji asubuhi, muda mfupi baada ya mimi kuondoka. Dada anayetusaidia nyumbani alikuwa na simu, na namba yangu alikuwa nayo, lakini kutwa nzima hakunipigia. Nilipomwuliza sababu, alijibu akitazama chini: "Niliogopa, mama. Siku ile nilipovunja vikombe ulinikata mshahara."

Tulikimbilia zahanati. Mkono ulipona, ila kovu limebaki. Mwanzoni nilimlaumu yule binti. Usiku, nilipotulia, niliona kwamba mimi ndiye niliyemfundisha kunyamaza.

Mpendwa msomaji, huenda wewe ni meneja wa benki, mwalimu mkuu au matroni wa wodi. Huenda una duka lenye wauzaji wawili tu. Popote mtu anapowaongoza wenzake, swali ni lilelile: habari mbaya hukufikia mapema, au hukufikia ikiwa imekwisha oza?

Vichwa vya kuitikia

Mary Barra, mama wa watoto wawili, aliingia kampuni ya magari ya General Motors huko Marekani mwaka 1980, akiwa mwanafunzi wa uhandisi mwenye umri wa miaka 18. Januari 2014 akawa mkurugenzi mkuu, mwanamke wa kwanza kuongoza mojawapo ya kampuni kubwa za magari duniani. Majuma machache tu baadaye, kidonda cha zamani kikafunuliwa mbele yake.

Swichi ya kuwashia injini katika baadhi ya magari madogo, kama Chevrolet Cobalt, ilikuwa legevu. Ufunguo uliweza kurudi wenyewe gari likiwa katika mwendo. Injini huzimika, na ajali ikitokea, mifuko ya hewa inayowakinga abiria haifumuki. Wapo wahandisi waliojua udhaifu wa swichi hiyo tangu miaka ya mwanzo ya 2000, lakini magari hayakuanza kuitwa kwa matengenezo mpaka Februari 2014. Yalikuwa kiasi cha milioni 2.6. Mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124.

Ripoti ya uchunguzi iliyotoka Juni 2014 ilieleza tabia iliyokuwa imezoeleka. Watu walikaa kikaoni, wote wakatikisa kichwa kukubali, kisha wakatoka na hakuna aliyetenda. Wengine walikunja mikono na kuelekeza lawama idara nyingine. Hata maneno kama "kasoro" na "tatizo" wafanyakazi waliwahi kufundishwa wayaepuke katika maandishi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa maradhi yalifichwa ofisini, na vifo vikatokea barabarani.

Barra aliwaachisha kazi watu 15, akaanzisha mpango wa kuwahimiza wafanyakazi kutaja hatari wanazoziona, na akasema wazi kwamba hataki jambo hilo lisahauliwe.

Chati nyekundu

Kampuni nyingine ya Marekani, Ford, nayo iliwahi kuugua ugonjwa huo wa kunyamaza. Alan Mulally alihamia huko kutoka kampuni ya ndege ya Boeing mwaka 2006. Kila Alhamisi aliwakutanisha wakuu wa idara, na kila mmoja alileta chati zenye rangi: kijani kwa jambo linalokwenda vizuri, njano kwa lenye mashaka, nyekundu kwa lililokwama.

Wiki za kwanza chati zote zilikuwa kijani. Kumbe mwaka huohuo kampuni ilikuwa inaelekea kupata hasara iliyozidi dola bilioni 12! Mulally akawauliza: hakuna hata jambo moja linalokwenda vibaya?

Hatimaye Mark Fields, mmoja wa wakuu hao, alileta nyekundu. Gari jipya lililokuwa likiundwa huko Kanada lilikuwa na hitilafu, naye alikuwa amesimamisha lisitoke. Chumba kilikuwa kimya. Wenzake walidhani kazi yake imekwisha. Mulally akapiga makofi, akamshukuru kwa kusema wazi, kisha akauliza nani anaweza kusaidia. Msaada ukatolewa papo hapo. Baada ya hapo rangi nyingine zikaanza kuonekana kwenye chati za wengine pia.

Mwaka 2009 General Motors na Chrysler zilifilisika. Ford, ambayo ilikuwa imekopa fedha nyingi mapema, haikufilisika. Naye Fields, mwenye chati nyekundu, alirithi kiti cha Mulally mwaka 2014.

Tuanzie wapi?

Kwanza, chunga uso wako. Mfanyakazi au mtoto husoma macho yako kabla hajamaliza sentensi. Ukimkaripia leo, kesho atakuambia kila kitu ni salama.

Pili, badili swali. "Kila kitu sawa?" huomba jibu la "ndiyo." Uliza, "Leo ni nini kimekwenda vibaya?"

Tatu, shughulikia tatizo kabla ya kumtafuta mkosaji. Mwanangu alihitaji kumwagiliwa maji safi ya baridi na kupelekwa zahanati. Lawama zingesubiri.

Nne, usichanganye upole na ulegevu. Barra aliwaachisha watu kazi. Lakini anayevunja kikombe na kusema asihukumiwe sawa na anayeficha hatari mpaka mtu anaumia. Wote wakipata adhabu moja, hakuna atakayechagua kusema.

Mimi nilimrudishia yule binti fedha za vikombe na kumwomba radhi. Haikuwa rahisi, kwani nilizoea kuombwa mimi. Wiki tatu baadaye simu yangu iliita saa nne asubuhi, nikiwa katikati ya kikao. "Mama, nimevunja chupa ya chai. Ile mpya." Nilimeza mate, nikasema, "Asante kwa kuniambia. Mtoto hakuumia?"

Hakuumia.

Nawe, mama, mara ya mwisho ulipoletewa habari mbaya, ulijibu nini?