Robota la nyasi la msimu wa ukame: uliza lilikatwa lini

Ukame ukibana, robota la nyasi kavu huwa bidhaa ya mpakani sawa na mahindi au vitunguu. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2023, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo kaskazini na mashariki mwa Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia. Kenya peke yake ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Ng'ombe wa Simanjiro, Tanzania, nao walikufa kwa wingi. Wakati kama huo kila kinachofanana na nyasi hupata mnunuzi, na hapo ndipo hasara nyingine inapoanzia.

Nyasi haina pampu. Jua linapokausha jani, maji hutoka kupitia vitundu vidogo mno vilivyo juu yake, na kila tone linalotoka huvuta lililo nyuma yake kupitia mirija myembamba hadi mizizini. Udongo ukikauka hung'ang'ania maji yake, na mvuto ndani ya mirija huzidi. Mmea hujibu kwa kufunga vitundu na kukunja majani. Ukizidiwa, mapovu ya hewa huingia kwenye mirija na kuikata njia, kama bomba lililoingia hewa.

Mkulima anaweza kuliona hilo bila kifaa chochote. Nyasi yenye maji ya kutosha huamka na matone kwenye ncha za majani, yaliyosukumwa usiku na mizizi. Matone hayo si umande, maana umande hutanda jani zima. Yakikoma kuonekana siku kadhaa mfululizo, shamba limeanza kuona kiu kabla hata rangi haijabadilika.

Nyasi hazistahimili kiu kwa usawa. Matete ya Napier, ambayo Watanzania wengi huyaita mabingobingo, hutaka maji mengi. Yakikosa, mashina hukomaa na kuwa magumu. Nyasi ya Rhodes huzamisha mizizi chini sana, na aina ya Boma Rhodes imeenea kwa wauza marobota. Brachiaria nayo ni ya Afrika kwa asili, ingawa mbegu chotara za Mulato tunazonunua leo zilizalishwa Colombia. Mtoto wa nyumbani amerudi na bei ya ugenini.

Jambo linalopaswa kumkosesha usingizi mfanyabiashara ni naitreti. Mizizi huifyonza kutoka udongoni, hasa penye mbolea nyingi, na jani huigeuza kuwa protini. Ukame hudumaza kazi ya jani, hivyo naitreti hurundikana sehemu ya chini ya shina, zaidi kwenye mtama, mahindi na Napier. Mvua ya kwanza baada ya ukame huongeza hatari: mizizi hufyonza kwa kasi huku majani hayajapata nguvu. Ng'ombe akila nyasi hiyo, tumbo lake huigeuza kuwa sumu inayozuia damu kubeba hewa. Damu hugeuka rangi ya chokoleti, wenye mimba huweza kutupa, na wengine hufa ndani ya saa chache.

Wengi hudhani kukausha huondoa kila sumu. Sianidi ya mtama mchanga hupungua sana kwa kukaushwa. Naitreti hubaki ndani ya robota miezi na miezi. Kwa hiyo shamba lililopata mvua baada ya kiu lisubiri wiki moja hadi mbili, na panga likate juu kidogo, kama sentimita 15 kutoka ardhini au zaidi, libakize shina la chini shambani.

Shehena inayotoka Kenya hupata cheti cha afya ya mimea kutoka KEPHIS, na inayotoka Tanzania hukipata TPHPA. Cheti hicho huhusu wadudu na magonjwa ya mimea. Tarehe ya kukata, mbolea iliyowekwa na mvua iliyonyesha wiki ile ni maswali ya mnunuzi kwa mkulima, kabla pesa haijatumwa kwa simu.