Mlima Haudanganywi: Kujiandaa kwa Rwenzori na Kifundo Kilichoteguka

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi, kilio humfichua. Methali hiyo yamhusu kila mtu, lakini sisi tuvaao sare yatuhusu zaidi, kwa kuwa tangu siku ya kwanza ya mafunzo askari hufundishwa kuvumilia, naye mara nyingi hudhani kuwa kuvumilia ni kunyamaza.

Majuma kumi na mawili kabla ya safari yetu ya Rwenzori, nilikanyaga shimo katika mbio za asubuhi, na kifundo cha mguu wa kulia kikapinduka kwa ndani. Kufika jioni kilikuwa kimevimba kama embe. Jina langu lilikuwa limekwisha kuandikwa katika orodha ya watu wanane, na wapo waliokuwa wakiitamani nafasi yangu. Kwa siku mbili nilizikaza kamba za buti, nikachechemea pale tu pasipokuwa na mtu.

Siku ya tatu, sajini mmoja wa makamo aliniona nikishuka ngazi upande upande. Hakunikemea. Aliniuliza jambo moja tu: nikianguka kule Bujuku, ni nani atakayenibeba?

Msomaji asiyeufahamu mlima huo na aupime uzito wa swali hilo. Njia ya kati huanzia Nyakalengija, karibu na Kasese, penye kimo cha mita 1,600 hivi. Hupanda hadi kibanda cha Nyabitaba, kisha John Matte, kisha huvuka kinamasi cha Bigo na kufika Bujuku, karibu mita 3,960, na baadaye Elena, juu ya mita 4,500. Kutoka hapo ndipo watu huendea kilele cha Margherita, mita 5,109, kilichopandwa kwa mara ya kwanza mwaka 1906 na Luigi Amedeo, mwana wa mfalme kutoka Italia, na wenzake. Hakuna gari lifikalo huko. Aliyevunjika hubebwa kwa machela, na wabebaji hupokezana siku nzima katika matope yafikayo magotini. Basi anayeficha jeraha hajifichii peke yake. Huwatwika wenzake mzigo wasioujua.

Nikaenda kwa mganga. Alitaka kwanza kuona kama naweza kupiga hatua nne, kisha akabonyeza mfupa kwenye kingo za nyuma za kifundo. Asiyeweza hatua hizo, au aumiaye mfupa wenyewe ukibonyezwa, yampasa apigwe picha ya eksirei. Mimi mfupa ulikuwa mzima. Zilizoumia ni kano zinazoishikilia mifupa. Alinionya pia juu ya vidonge vya kutuliza maumivu: hunyamazisha kengele lakini havizimi moto, na vikitumiwa ovyo hudhuru tumbo.

Siku za kwanza zilikuwa za kupumzisha mguu, kuuinua juu ya mto na kuukanda kwa maji baridi. Uvimbe ulipopungua, nilianza kuandika herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu, kisha kusimama kwa mguu mmoja nikipiga mswaki. Mchezo huo ni mdogo kwa kuutazama, lakini kano iliyoteguka husahau kazi yake ya kuusawazisha mwili, na lazima ifundishwe upya kama kuruta. Pumzi niliilinda kwa baiskeli na kuogelea, ambavyo havikikandamizi kifundo.

Juma la tano nilianza vilima bila mzigo. Juma la saba nilibeba kilo tano, na la tisa kilo kumi. Nilijiwekea sheria mbili. Ya kwanza, siku moja huongezwa kitu kimoja tu: ama mwendo, ama mzigo, kamwe si vyote viwili. Ya pili, hakimu ni asubuhi ya kesho: kifundo kikiamka kimevimba, hurudi nyuma hatua moja. Nilijizoeza zaidi kushuka kuliko kupanda, maana katika kushuka ndipo uzito wote huuangukia mguu. Tena nilijizoeza kwa buti za mpira, kwa kuwa ndizo zivaliwazo katika vinamasi vya Rwenzori, nazo hazikishiki kifundo kama buti za ngozi. Fimbo mbili zilinisaidia sana.

Jambo gumu kuliko yote halikuwa zoezi. Lilikuwa kumwendea kiongozi wa msafara na kumweleza ukweli. Hakulifuta jina langu. Tulipatana mapema: kifundo kikivimba kabla ya kilele, nitabaki kibandani, wala hapatakuwa na mabishano.

Bigo tuliivuka salama. Lakini usiku wa Elena, baada ya miamba yenye utelezi, niliigusa ngozi ya mguu nikaikuta imetuna. Saa nane za usiku wenzangu walipowasha taa zao, nilibaki pamoja na mbebaji mmoja, nikazitazama taa zikipanda barafuni. Sitasema kwamba haikuniuma. Waliporejea, tulishuka pamoja, na siku ya mwisho nilifika Nyakalengija kwa miguu yangu mwenyewe. Machela haikuguswa.

Tarehe 19 Mei 2023, Hari Budha Magar, askari wa zamani wa Gurkha katika jeshi la Uingereza, aliyepoteza miguu yote miwili huko Afghanistan mwaka 2010, alifika kilele cha Everest kwa miguu ya bandia. Ilikuwa miaka 13 baada ya jeraha lake. Wengi husifu ushujaa wake. Nami nausifu, lakini naisifu zaidi ile miaka 13.

Ndugu askari, uliye na jeraha na safari mbele yako: liseme mapema, lifanyie kazi polepole, na uamue ungali bondeni ni wapi utakapogeuka. Margherita ingalipo, nami nimeanza tena mazoezi.